Pijo ya Baba na Ng'ombe wa Gervais

Baba alilisikia gari kabla yangu, lakini hakulitambua. Alikuwa ameketi mlangoni akikata kucha kwa wembe, akainua kichwa na kusema, "Hilo ni gari la watu wa ofisini," kisha akaendelea na kucha zake. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikifukiza vibuyu vya maziwa. Kusema kweli sikuwa nafukiza kitu. Tangu asubuhi nilikuwa nimeshika kibuyu kimoja tu, masikio yakiwa barabarani, na moshi wote ulikuwa unaniingia machoni.

Kisha gari likapinda kwenye kona ya kanisa na baba akasimama, wembe mkononi. Ilikuwa Pijo yake. Ilikuwa ileile 404 ya mkia mrefu, rangi ya maziwa yaliyolala, na mlango wa nyuma uliobonyea pale marehemu kaka yangu aliporudi nayo nyuma hadi kwenye mti wa mnyaa. Ila ilikuja kwa mlio ambao hatukuujua. Nyuma ya usukani alikuwa Gervais, ameoga, amevaa shati jeupe, na mimi nikakiweka kibuyu chini nikazunguka hadi mbele ya nyumba.

Niseme kidogo juu ya gari hili, maana mapenzi yangu yalipita humo ndani.

Baba, mzee Rwakabuba, alilinunua Uvira zamani kwa kuuza ng'ombe, jambo ambalo shangazi yangu Mukakalisa hajawahi kumsamehe. Kila akiliona husema, "Ng'ombe angekuwa ameshazaa." Tulipokimbia, kaka yangu Natanaeli ndiye aliyetuendesha humo hadi Uganda, godoro juu ya paa, mama akiwa bado hai. Hapa kambini Nakivale Natanaeli aliligeuza kuwa gari la maziwa. Alikusanya maziwa ya wafugaji wote wa upande wetu na kuyafikisha Mbarara yakiwa mabichi. Kisha homa ikamchukua kaka, ikamchukua na mama mwaka uliofuata, na baba akabaki na mimi, dada yake, na Pijo.

Aliendelea kupeleka maziwa mwenyewe, lakini injini ilikuwa imechoka. Milima ya Isingiro iliishinda. Tulikuwa tunaipanda polepole hata wanaotembea kwa miguu wanatupita na kutusalimia, na tukifika Mbarara maziwa yameanza kuchacha, wanunuzi wanatikisa vichwa. Kila mtu alimwambia baba auze. Baba alitaka kitu kimoja tu, na mafundi walimwona kichaa. Alitaka gari lipande mlima kama jipya, na yeye akiliangalia asione hata skurubu moja iliyobadilika. Fundi wa kwanza alicheka. Wa pili alitaka kulipaka rangi ya bluu. Wa tatu alikuwa Gervais, katika garaji moja ya Nyamityobora, mjini Mbarara, nyuma ya wauza mbao.

"Mzee, tutafanya hivi," Gervais alimwambia siku ile ya kwanza. "Kuko Pijo 504 moja ilianguka ku njia ya Kabale. Mwili umekufa, motere, injini yake, ni nzima. 504 na 404 ni ndugu, mama moja. Ile motere itaingia palepale, mu fasi ya ile ya zamani. Rejeta nitaweka kubwa, nitaificha nyuma ya meno ya mbele. Ukifungua juu utaona kopo yako ya hewa, ile nyeusi ya zamani. Utaona gia yako ku usukani. Kitu moja tu itabadilika."

"Kitu gani?"

"Mulima."

Baba alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike Natanaeli. Mimi sikucheka, nilikuwa naangalia mikono ya yule fundi, jinsi alivyoipangusa kwa kitambaa kidole kimoja kimoja kabla ya kumpa baba mkono, na nikajua nimepatikana.

Alikuwa mkimbizi kama sisi, lakini si wa kwetu. Alitoka Walungu, kwa watu wa migomba na maharage, Mkatoliki wa kupiga ishara ya msalaba kabla ya kuwasha gari. Nduguze wote walipotea katika kukimbia. Alifika Uganda peke yake na akaishi peke yake, katika chumba cha nyuma ya garaji chenye kitanda na sufuria moja.

Miezi yote Pijo ilipokuwa kwake, maziwa niliyapeleka kwa gari la watu, na nilikuwa sikosi sababu ya kupita Nyamityobora. Mapenzi yetu yalikuwa ya kusimama. Hatukuwahi kuketi pamoja hata siku moja. Tulisimama yeye upande huu wa boneti na mimi upande ule, injini katikati kama mtu mzima anayetulinda, na yeye akinionyesha kazi yake. Alikuwa amesugua ndani ya njia za hewa mpaka zinang'aa, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika.

"Hii yote hakuna mutu ataiona," alisema.

"Basi kwa nini unaisugua?"

Aliniangalia kwa muda mrefu, kwa yale macho yake yasiyo na haraka. "Ju we umeiona."

Ningemjibu nini? Nilichukua madumu yangu nikaenda, na njia nzima ya kurudi Nakivale nilikuwa natabasamu na watu nisiowajua. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, umri ambao shangazi aliutaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa. Yeye alikuwa ameshanitafutia mume, mgane mmoja wa Oruchinga mwenye ng'ombe wengi na meno ya upande mmoja. Kuhusu Gervais alikuwa ameshasema la kwake. "Yule? Ananuka petroli. Ng'ombe gani atakubali kukamuliwa na ile mikono?"

Lakini Gervais aliniahidi. "Siku nitarudisha gari, nitasema na papa yako. Sitasema mbele ya ile siku. Nataka anione na kazi yangu mu mukono."

Siku hiyo ndiyo ilikuwa hii, Jumamosi, na kibuyu changu hakikuwa kimefukizwa.

Baba alilizunguka gari bila kumsalimia mtu. Alipitisha kiganja juu ya paa, juu ya taa, juu ya mkia. Alipofika kwenye mlango uliobonyea alisimama.

"Hapa hukunyoosha," alisema kwa Kiswahili.

"Ulisema nisiguse, papa."

Baba aliuweka mkono wake ndani ya lile bonyeo, akauacha hapo kidogo. Kisha akafungua boneti, akaona lile kopo jeusi la hewa na nyaya zake kuukuu kama zilivyokuwa, akainama, akatafuta, akanusa, akakosa. Majirani walikuwa wameshajaa uani. Wazee wa kanisa nao walikuja, maana gari hili lilikuwa limewabeba wagonjwa wao na maiti zao.

"Umwiza, panda," baba aliniambia.

Nilipanda nyuma, kwenye kiti nilichokuwa nakaa na madumu. Gervais alikaa mbele kando ya baba. Tulitoka kambini, tukaacha ziwa nyuma, tukaelekea milimani, na baba akiendesha kama mtu aliyebeba mayai. Nilikuwa naona macho ya Gervais kwenye kioo. Kila nikiyakuta yananisubiri, na kila yakinikuta nilijifanya naangalia migomba.

"Sauti imekuwa nzito," baba alisema. "Kama ya kijana aliyeanza kubalehe."

"Ni pumzi, papa. Nimeipanulia njia ya moshi tangu mu motere mpaka mwisho. Ule mufereji unaonekana kwa nyuma ni ule ule wako."

Mlima ulianza. Baba alishuka gia, kwa mazoea ya miaka, akajiandaa kuteseka.

"Usishushe, papa. Iache mu ya tatu. Kanyaga tu."

Baba alikanyaga. Pijo ikainua pua na kupanda. Ilipanda bila kukohoa, bila kutetemeka, tukalipita lori la matoke, tukawapita waendesha baiskeli wanaosukuma, na baba akaanza kuimba kwa sauti ya chini ule wimbo wa kusifu ng'ombe anaporudi kutoka malishoni. Upepo ulikuwa unaingia. Baba hakugeuza kichwa. Alisema tu, katika lugha yetu, "Natanaeli, funga dirisha."

Hakusikia mwenyewe alichosema. Gervais hakuijua lugha yetu, lakini jina alilijua, na dirisha lililo wazi aliliona. Alilifunga taratibu. Mimi nikatazama nje, na machozi yangu hayakuwa ya kaka peke yake. Kuna kitu kilinigusa moyoni ambacho sikukipenda.

Tuliporudi nyumbani, shangazi alikuwa ameshapika, na baba alikuwa mtu mwingine. Alicheka na watu, akawapandisha wazee garini mmoja mmoja kuwazungusha hadi kanisani na kurudi. Gervais alinisogelea pale jikoni akijifanya anaomba maji.

"Leo, sivyo?" alininong'oneza.

"Leo. Ngoja wale kwanza. Mtu aliyeshiba hukasirika polepole."

"Na kama atakatala?"

"Akikataa utarudi Jumamosi ijayo, na ile nyingine. Umemtengenezea gari, atakuambia nini?"

Alicheka, akanywa maji yangu yote na macho yake hayakuniacha mpaka kikombe kilipoisha. Nimekumbuka sana yale maji.

Watu walipomaliza kula baba alisimama. Aliingia ndani, na aliporudi alikuwa na koti la Natanaeli. Lilikuwa koti refu la kahawia, la wachungaji wa kwetu, ambalo tangu msiba lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango na hakuna aliyeruhusiwa hata kulikung'uta vumbi.

"Simama," alimwambia Gervais. "Vaa tuone."

Gervais alivaa. Mikono ilimtosha, mabega yalimtosha. Wazee wakasema "ee" kwa pamoja. Shangazi akaziba mdomo kwa kitenge. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nikakumbuka tunavyofanya ndama anapokufa. Tunamchuna ngozi, tunamvika ndama mwingine asiye na mama, na ng'ombe aliyefiwa akiinusa ile ngozi anakubali kutoa maziwa.

Baba alitoa ishara, na ng'ombe akaletwa kutoka zizini. Alikuwa Gaju, yule mwekundu mwenye pembe zilizofunguka, aliyekuwa wa Natanaeli.

"Huyu alikuwa wa mutoto wangu," baba alisema. "Leo ni wako. Mushike mugongo, na unywe maziwa yake."

Gervais aliniangalia kwa furaha tupu usoni, furaha ya mtu aliyeshindiliwa moyo kwa hofu kisha akakuta mlango uko wazi. Kwao mzee akikupa mnyama wake mbele ya watu, amekukubali. Kwetu pia amekukubali. Lakini katika ukoo wa baba yangu, mwanaume anayetaka binti ndiye anayeleta ng'ombe. Ng'ombe anatoka kwa kijana anakwenda kwa mzee. Akitoka kwa mzee akaenda kwa kijana, kijana akamshika mgongo na kunywa maziwa yake, basi huyo ni mtoto wa nyumba, na mabinti wa nyumba ile ni dada zake.

Na maziwa hayo huletwa na dada.

"Umwiza," baba aliita. "Mletee."

Shangazi alikuwa karibu naye zaidi. Kulikuwa na wanawake wengine kumi wa kutumwa. Baba aliniita mimi, na alipokuwa ananiita hakunitazama. Nilitembea na kibuyu mbele ya wale wazee wote. Gervais alikuwa ameshauweka mkono wake juu ya mgongo wa Gaju. Alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akagusa vidole vyangu kwa makusudi, akanywa mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi.

Nilimkuta Gervais baadaye nyuma ya zizi, alipokuwa amelisogeza gari kivulini. Alikuwa bado na lile koti, na alinipokea akinyoosha mikono.

"Umwiza, umeona? Papa yako amenikubalia hata mbele sijamuuliza. Mi nilikuwa nimepanga maneno mingi, na yote imebaki mu tumbo."

"Gervais, ngoja."

"Nilisema atanifukuza. Kumbe amenipa na ng'ombe."

"Ngoja nikuambie kuhusu huyo ng'ombe."

Nilimwambia. Nilimwambia kwa maneno machache kwa sababu kila neno lilikuwa linamtoa mwanga usoni, na sikutaka kuuona ukiisha. Alisikiliza akiwa ameegemea mlango uliobonyea.

"Basi na mi nitaleta ng'ombe yangu," alisema. "Nitatafuta. Nitamuletea na mbili."

"Kaka haleti ng'ombe kumwoa dada yake. Ukileta kumi, wote watakuwa wa nyumbani."

"Nitamurudishia Gaju."

"Ukimrudisha umemtukana mbele ya kanisa zima. Hutakanyaga hapa tena."

"Kwa hiyo nikishika ng'ombe we ni dada yangu. Nikimwacha, mi ni adui."

"Ndiyo."

Alivuta pumzi. "Na we ulijua, wakati ulikuwa unaniletea ile maziwa?"

"Nilijua nikiwa katikati ya njia. Watu wote walikuwa wananiangalia."

"Ungemwaga," alisema polepole. "Ungejikwaa, ungemwaga. Mi ningeelewa."

Hilo lilinichoma kwa sababu sikuwa nimelifikiria. Nilimshika mkono wa koti. "Sikiliza. Wewe si wa kwetu, una haki ya kutojua. Nenda kwa baba sasa hivi kabla watu hawajaondoka. Mvulie hili koti, mwambie hukuelewa. Wewe ulitaka mke."

Nilingoja aseme ndiyo. Alikuwa anaangalia mkono wa lile koti, pale nilipokuwa nimeushika, na akaupapasa kwa kidole gumba.

"Umwiza. Tangu nifike mu hii inchi, hakuna mutu aliniita mutoto wake. Ile mwaka niligonjwa, nililala siku mingi mu kile chumba, na mutu mwenye alikuja kufungua mulango alikuwa anatafuta spana yake." Alijaribu kutabasamu. "Papa yako aliponivalisha hii koti alifunga vifungo yeye mwenyewe. Kimoja kimoja."

"Kwa hiyo?"

"Sisemi kwa hiyo. Nasema tu."

Nilimwachia mkono. Niliyekuwa nampenda alikuwa amesimama mbele yangu, na nilikuwa nimebaki peke yangu kuliko siku zote nilizomkosa. Hasira ilinipanda, na mimi nikiwa na hasira huwa napewa maneno.

"Basi uwe kaka yangu. Utakuja kila Jumamosi kumwangalia ng'ombe wako, na mimi nitakuwekea maji ya kuoga. Nitakuletea na mume wangu wa Oruchinga umsalimie. Utamtengenezea baiskeli yake."

"Usiseme vile."

"Unataka niseme vipi?"

Tulisimama hivyo, safari hii hakuna injini katikati, mpaka shangazi alipoita kwamba wageni wanaondoka na mzee anamtafuta mwanawe. Alisema hivyo, "mwanawe", bila kuunguza ulimi.

Watu walikuwa wameshatawanyika. Baba alikuwa ameketi kwenye bampa la Pijo, jua la jioni likimpiga usoni, na alionekana mdogo. Pikipiki ya kumpeleka Gervais hadi kwenye gari la Mbarara ilikuwa inangoja kule kanisani.

"Unaenda, mutoto wangu," baba alisema. "Muage dada yako."

Gervais alinigeukia. Alinipa mkono kama watu wanavyopeana kanisani. Midomo yake ilifunguka, ikafungwa. Sikuweza kulingoja lile neno "dada". Kama angelitamka, hata kwa adabu, hata kwa uongo, lingekuwa limeshatamkwa.

"Baba," nilisema katika lugha yetu, "huyu si kaka yangu. Na wewe unajua."

"Umwiza," shangazi alisema.

"Najua," baba alijibu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa fimbo, mtu mzima mimi. Hiyo "najua" ya taratibu sikuwa nimejiandaa nayo.

"Ninajua tangu siku ya kwanza pale garaji," baba aliendelea, na sasa alisema kwa Kiswahili ili Gervais naye asikie. "Mi ni muchungaji. Naona ng'ombe yenye inataka kutoka mu zizi hata kabla haijainuka. Gervais, we ni kijana muzuri. Ungeniuliza, ningekukatalia kwa nini? Ju ya petroli?" Alimtazama dada yake, na shangazi akaangalia chini. "Lakini bwana atamupeleka Umwiza Mbarara. Mutoto, yeye anarudi nyumbani. Nikikufanya bwana ya Umwiza, nyinyi mutakuwa wawili kule. Nikikufanya mutoto wangu, tutakuwa watatu hapa. Nikikupa huyu binti, Gervais, mi ninabaki na gari."

Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza. Hakuna aliyesogea. Nilimwangalia baba yangu na nikatamani kumkasirikia, nikashindwa, na kushindwa huko kuliniuma kuliko hasira.

Gervais aliachia mkono wangu. Alianza kufungua vifungo vya koti, kutoka juu kwenda chini, bila haraka, kama anavyofungua kitu asichotaka kukivunja. Alilivua. Alilikunja mara mbili na kumpelekea baba kwa mikono yote miwili, kichwa kimeinama.

"Papa, motere niliweza kukubadilishia," alisema, na sauti yake ilikatika akaanza upya. "Motere ilikuwa imekufa, na 504 ilikuwa na ya kufanana. Natanaeli haikuwa motere. Mi siwezi kuingia mu fasi yake, hata kama koti inanitosha. Na nilitaka, papa. Mungu anajua leo nilitaka."

Baba hakulipokea lile koti. Hakulitazama. Mikono yake ilikaa juu ya magoti.

Gervais alingoja, kisha akaniletea mimi. "Nitarudi na batu, watu ya kunisemea posa," aliniambia.

"Batu gani?" shangazi alimuuliza, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na dharau katika sauti yake. Alikuwa anauliza kweli. "Hauna batu, we kijana."

"Nitabatafuta, mama."

Alikwenda kwa miguu hadi kanisani, shati lake jeupe likipigwa na upepo. Sikumwita. Nilisikia pikipiki ikiwaka, nikaisikia ikipanda, nikaisikia mpaka nikawa siisikii tena bali naidhania tu.

Shangazi aliingia ndani. Baba aliinuka, akafungua mlango wa Pijo, akaketi nyuma ya usukani na kuiwasha. Sikujua anataka kwenda wapi. Hakwenda popote. Alikaa tu humo, madirisha yote yamefungwa, akisikiliza ile injini nzima, imara, isiyokosea hata pigo moja.

Nilibaki uani na koti la kaka yangu mikononi. Lilikuwa limeanza kunuka petroli kidogo, na ndani lilikuwa bado na joto la mwili wa Gervais. Nilisimama nalo mpaka likapoa.